City of Caterpillar (2002): vijana wa Richmond walivyounganisha skrimo na posti-roki

Nyuzi Sita (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Katika nyuzi zetu za muziki mzito, jina la City of Caterpillar hutajwa kwa kupita tu, pale mtu anapotaka mfano wa haraka wa bendi iliyochanganya skrimo na posti-roki, kisha mazungumzo yanahamia kwingine. Naamini albamu yao ya kwanza, iliyobeba jina la bendi yenyewe na kutolewa na lebo ya muziki ya Level Plane mwaka 2002, inastahili uzi wake. Swali inaloliibua ni kubwa kuliko bendi: kwa nini aina mbili za muziki hushikana barabara katika kazi moja na kuachana katika nyingine, hata pale ambapo wapigaji wana ustadi uleule?

Kwa wale ambao skrimo ni ngeni kwao, nieleze kwa ufupi. Muziki huu ulitoka ndani ya hadikoa panki, yaani panki kali na ya kasi zaidi, mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko San Diego, California, ambako lebo ndogo ya Gravity ilitoa kazi za bendi kama Heroin na Antioch Arrow. Alama zake zinafahamika: nyimbo fupi, magitaa yanayokwaruzana, mapigo yanayokatika bila taarifa, na mwimbaji anayepiga mayowe hadi sauti inapasuka, huku maneno yenyewe yakiwa ya moyoni, ya mtu anayejihoji, wala si ya kutishia watu. Kufikia mwisho wa muongo huo muziki huu ulikuwa umeshika upande wa mashariki wa Marekani, kwa Saetia wa New York na kwa Orchid wa Massachusetts, ambao katika Chaos Is Me ya mwaka 1999 wanamaliza wimbo kabla msikilizaji hajakaa sawa.

Posti-roki, yaani muziki wa ala za roki unaojali zaidi sauti na hali kuliko ubeti na kiitikio, ilikuwa ikipita njia nyingine kabisa. Slint wa Louisville, Kentucky, walionyesha katika Spiderland ya mwaka 1991 kwamba gitaa la umeme linaweza kunong'ona kwa muda mrefu na bado likamtia mtu hofu. Baadaye Godspeed You! Black Emperor wa Montréal, Kanada, wakazirefusha tungo zao hadi kujaza upande mzima wa santuri, kifungu kimoja kikirudiwa na kuongezewa ala moja baada ya nyingine mpaka kinafika kileleni. Skrimo hutumia nguvu zake zote kwa mpigo mmoja, ilhali posti-roki huzihifadhi na kuzitoa kidogo kidogo. Ugumu wa kuziunganisha uko hapo, kwa sababu kila moja ina hesabu yake ya muda, na hesabu hizo zinapingana.

Njia rahisi, ambayo bendi nyingi zimeifuata, ni kuweka dakika mbili za gitaa tulivu mwanzoni, kisha kuwasha kelele, kisha kurudi kwenye utulivu ili kila mtu apumue. Anayesikiliza hapo anapewa vipande viwili vilivyogundishwa, na gundi yenyewe inaonekana. City of Caterpillar walikwenda ndani zaidi. Waliichukua ile subira ya posti-roki wakaipa wasiwasi wa skrimo, kiasi kwamba hata sehemu iliyo kimya kabisa katika albamu hii haikupi nafasi ya kupumzika.

Bendi ilianza mwaka 2000 huko Richmond, Virginia: Brandon Evans na Jeff Kane kwenye magitaa, Kevin Longendyke kwenye besi, Ryan Parrish kwenye ngoma, Evans na Longendyke wakigawana uimbaji. Walikuwa vijana, lakini hawakuwa wageni wa jukwaa. Baadhi yao walitoka katika mzunguko uleule wa pg.99, bendi ya Sterling, kaskazini mwa Virginia, iliyokuwa na watu wanane na waimbaji wawili, na ambayo Document #8 yake ya mwaka 2001 ni miongoni mwa kazi kali zaidi za skrimo zilizowahi kurekodiwa. Jambo hili nalipa uzito mkubwa. Mtu ambaye tayari ana mahali pa kumwagia ghadhabu yake yote, akiwa amezungukwa na watu saba wanaofanya vivyo hivyo, anapoanzisha bendi ya watu wanne hana haja ya kuthibitisha kwamba anaweza kupiga kwa kasi. Anaweza kusubiri, na subira hiyo ndiyo iliyoifanya albamu iwe ilivyo.

Tuangalie wimbo wa kwanza, “And You're Wondering How a Top Floor Could Replace Heaven”. Unaanza taratibu, magitaa yakijenga kifungu chenye mashaka, na kwa desturi ya posti-roki tungetarajia kifungu hicho kiendelee kupanda kwa utaratibu, ngazi kwa ngazi. Badala yake kinatetereka. Gitaa moja linashikilia noti zinazorudiwa kwa kasi, mkono wa kulia ukichapa waya mmoja bila kukoma, na la pili linaingia kwa pembe, kana kwamba linasikiliza wimbo mwingine; ngoma za Parrish zinausukuma mwendo mbele halafu zinauvuta nyuma. Mayowe yanapoingia hayasikiki kama badiliko la aina ya muziki, kwa kuwa ule msukosuko ulikuwapo tangu noti za mwanzo na ulichokosa ni sauti ya binadamu tu.

Sifa hiyo inaonekana zaidi katika “When Was the Last Time We Painted Over the Blood on the Walls?”, mojawapo ya tungo ndefu za albamu. Hapa bendi inathubutu kukaa muda mrefu katika sauti ya chini, besi ikibeba kifungu kikuu na magitaa yakitoa mikwaruzo na milio ya amplifaya pembeni yake. Bendi ya skrimo ya kawaida ingeona aibu kukaa kimya kiasi hicho, na bendi ya posti-roki ya kawaida ingeujaza ukimya huo kwa uzuri. Hawa wameuacha wazi. Kilele kinapofika hakileti ushindi wala faraja, bali kinabomoka chenyewe.

Jambo jingine ni mahali pa sauti za waimbaji. Haziko mbele ya kila kitu kama ilivyo katika roki ya redioni. Ziko katikati ya magitaa, wakati mwingine nyuma yake, na zinapopandana huwezi kushika kila neno. Wapo wanaoliona hili kuwa kasoro ya kurekodi. Kwangu mimi ni sehemu ya utunzi, kwa sababu yowe likizama ndani ya ala linakuwa ala mojawapo, na hapo ndipo posti-roki, ambayo mara nyingi haina mwimbaji kabisa, inapopata nafasi ya kulipokea.

Nawaomba wanaoijua albamu hii, na hasa wale wasioipenda, waseme wanachokiona.

Bi Kinanda

Asante kwa uzi, mkuu. Mimi ni miongoni mwa wale wasioipenda kiasi hicho, na nitasema sababu zangu kwa heshima.

Heshima ya skrimo, kwa maoni yangu, iko katika ufupi wake. Orchid wanakupa wimbo ambao ukikosa kuusikiliza kwa makini umekwisha, na haja hiyo ya kusikiliza upesi inamfanya msikilizaji awe mshiriki. Unaporefusha wimbo hadi kuvuka mara kadhaa kipimo cha kawaida, unamwambia msikilizaji kwamba atulie, kilele kitamjia. Anaanza kungoja. Muziki uliozaliwa kwenye vyumba vidogo, ambako hapakuwa na jukwaa na mwimbaji alianguka miguuni mwa watu, unageuka kuwa tamasha la kutazamwa kwa mbali.

Tena ukiangalia yaliyofuata baada ya mwaka 2002, mlango walioufungua ulipitiwa na umati. Kwa miaka mingi kila bendi iliyotaka kuonekana ina kina ilianza na gitaa lenye mwangwi mwingi, ikapandisha taratibu, ikapiga mayowe dakika ya nne, ikashuka. Najua si haki kuwatwika waanzilishi mzigo wa waigaji wao. Hata hivyo, kama kitu kinaigika kwa urahisi namna hiyo, huenda hapo mwanzoni hakikuwa na ugumu unaoudai.

Nyuzi Sita (mleta uzi)

Dada Bi Kinanda, hoja yako ya pili ndiyo nzito zaidi, na nakubaliana na nusu yake. Kweli kanuni hiyo ilizaliwa na ikachosha. Ila ukisikiliza kwa karibu utaona kwamba waigaji hawakuichukua kanuni hiyo kwa City of Caterpillar. Waliichukua kwa Godspeed na wenzao, kisha wakaongeza mayowe juu yake. Kupanda kwa ngazi zilizonyooka kunaigika. Kupanda kunakotetereka, ambako huna hakika kama kifungu kitafika kileleni au kitavunjika njiani, hakuigiki kirahisi, kwa sababu kunategemea watu wanne mahususi wanaosikilizana chumbani na kila mmoja kumchokoza mwenzake.

Mfano mzuri wa kulinganisha ni Envy wa Tokyo, bendi iliyoanza mwaka 1992 kama hadikoa ya kawaida, ikaanza kurefuka katika albamu ya mwaka 2001, kisha ikaingia posti-roki waziwazi katika A Dead Sinking Story ya mwaka 2003, ambayo huko Marekani ilitolewa na Level Plane hao hao. Envy nawapenda sana, lakini njia yao ni tofauti: wao wanaelekea kwenye ukuu, kwenye anga pana, na Insomniac Doze ya mwaka 2006 ni nzuri kwa namna ambayo muziki wa sinema ulivyo mzuri. Walifika huko baada ya zaidi ya muongo mmoja wa kazi, wakiacha ukali mmoja baada ya mwingine njiani. City of Caterpillar walifanya mchanganyiko wao katika albamu ya kwanza, kabla ya kuacha chochote, na ndiyo maana ukali wote bado umo.

Kuhusu ufupi, sidhani kama urefu wenyewe ndio unaomgeuza msikilizaji kuwa mtazamaji. Anageuka mtazamaji anapojua kitakachofuata. Wimbo wa dakika moja nao unaweza kutabirika.

Nami niongeze jambo kuhusu lebo, kwa kuwa linahusu hoja hii ya kuchanganya. Level Plane ilianzishwa na Greg Drudy, mpiga ngoma wa Saetia, ambaye pia alikuwa mpiga ngoma wa mwanzo wa bendi ya roki ya Interpol. Saetia walilitoa jina lao katika kipande cha “Saeta” kilichomo kwenye Sketches of Spain ya mwanajazi Miles Davis, na bendi ya Off Minor, iliyoundwa na baadhi ya waliokuwa Saetia, ina jina la utunzi wa mwanajazi mwingine, Thelonious Monk. Watu hawa walikuwa wakisikiliza jazi huku wakipiga panki katika kumbi zisizo na viti. Ukisikiliza ngoma za Saetia utaona kwamba si jina tu walilochukua. Ule mwendo unaobadilika katikati ya sentensi ya muziki umetoka huko. Kwa hiyo City of Caterpillar walikuwa ndani ya familia ambayo tayari iliona kuchanganya ni jambo la kawaida, na swali lililobaki lilikuwa ni jinsi ya kuchanganya vizuri.

Fundi Mitambo

Nichangie upande wa kurekodi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu na naona watu wengi hulipita jambo hili.

Muziki unaotegemea kupanda kutoka chini hadi juu unahitaji nafasi kati ya chini na juu. Miaka ileile ya mwanzoni mwa 2000 ilikuwa miaka ambayo studio nyingi zilikuwa zikikandamiza sauti ili CD isikike kubwa kuliko ya jirani: sehemu tulivu inapandishwa, sehemu kubwa inabanwa isivuke kikomo, na mwishowe zote mbili zinakaribiana. Kwa wimbo wa dansi au roki ya redioni hasara inaweza kuvumilika. Kwa wimbo wa aina hii ni hasara ya kila kitu, maana kilele kinakuja na mita ya sauti haisogei. Sikio linaambiwa kwamba kuna mlipuko, lakini mwili hauhisi chochote.

Albamu hii imeponea hapo. Magitaa yake hayajazidishiwa ukali wa amplifaya kama ilivyo desturi ya muziki wa metali. Ukali ukizidi sana, kila mguso wa waya, uwe wa upole au wa nguvu, hutoka kwa kipimo kilekile, kwa sababu amplifaya inaubana kabla haujafika kwenye maikrofoni. Ukali ukiwa wa wastani, mpigaji akigusa kwa upole gitaa linalia kwa upole, na akichapa kwa nguvu linapasuka, bila kukanyaga pedali yoyote ya kubadili sauti. Hivyo kupanda na kushuka kunabaki mkononi mwa mtu. Nadhani hiki ndicho mleta uzi anachokisikia anaposema kwamba kifungu kinatetereka: unasikia uchovu na msisimko wa mkono wa binadamu.

Ushauri kwa anayetaka kusikiliza: usitumie spika ya simu. Besi ndiyo inayobeba sehemu tulivu, na spika ya simu haina besi, kwa hiyo utabaki na mikwaruzo tu na utaona kama hakuna kinachotokea.

Mwana wa Eastlands

Wakuu, nimefuata mjadala kwa hamu. Ningependa kuuliza kama mchanganyiko wa namna hii tunaweza kuupima pia kwa kazi ya karibu nasi, yaani Duma wa Nairobi. Najua Duma hawakupiga skrimo. Martin Khanja na Sam Karugu walitoka katika metali ya Nairobi, na albamu yao ya mwaka 2020 iliyotolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala inakutanisha mayowe ya metali na mashine za elektroniki. Ila nao walikuwa vijana kwenye albamu ya kwanza, na nao walikataa kukaa kwenye boksi moja.

Nyuzi Sita (mleta uzi)

Ndugu yangu, swali zuri, na jibu langu ni ndiyo, tena Duma wanaithibitisha hoja kwa njia iliyo kinyume. City of Caterpillar waliunganisha kwa kuacha nafasi. Duma waliunganisha kwa kuziba kila nafasi. Katika albamu ile mpiga ngoma hayupo, na mapigo ya mashine yanakwenda kwa kasi ambayo mkono usingeweza kuihimili, kwa hiyo yowe la Khanja linabaki kuwa kitu pekee chenye pumzi. Ukiiondoa elektroniki, hupati wimbo wa metali uliobaki. Unapata sauti ya mtu bila chochote cha kushindana nacho. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia: ondoa upande mmoja, kisha tazama kama upande wa pili unaweza kusimama kama wimbo kamili. Ukisimama vizuri kabisa, kulikuwa na gundi tu.

Fundi Mitambo, nakushukuru kwa maelezo ya amplifaya. Yanaeleza pia kwa nini waigaji wengi waliokuja na vifaa vya metali hawakuipata sauti hii hata walipozipiga noti zenyewe.

Nimalizie na yaliyofuata, kwa kuwa mmoja ameniuliza pembeni. Bendi ilivunjika mwaka 2003, haujapita muda mrefu tangu albamu itoke. Parrish aliwahi kupiga na Darkest Hour, bendi ya metali inayojulikana zaidi. Mwaka 2004 Circle Takes the Square wa Savannah, Georgia, wakatoa As the Roots Undo, ambayo nadhani ndiyo albamu pekee ya kipindi kile inayoweza kukaa meza moja na hii kwa ujasiri wa kuchanganya, ingawa wao walielekea kwenye wingi, sauti ya kiume na ya kike zikijibizana na mdundo ukigeuka kila baada ya sekunde chache. City of Caterpillar walirudi jukwaani mwaka 2016, na mwaka 2022 wakatoa albamu ya pili, Mystic Sisters, kupitia lebo ya Relapse, miaka 20 baada ya ile ya kwanza.

Albamu hiyo ya pili ni kazi ya watu wazima wanaojua wanachokifanya, na imerekodiwa kwa uwazi zaidi. Kila gitaa lina mahali pake na kila kupanda kunafika panapokusudiwa. Naiheshimu na naisikiliza. Lakini katika ile ya 2002 kuna sehemu ambapo gitaa la pili linaingia mapema kidogo kuliko inavyotakiwa na ngoma zinalazimika kulifuata, na mwendo wote wa wimbo unahama kwa sababu hiyo. Bendi iliyokomaa ingerudia kurekodi sehemu hiyo. Wao waliiacha, na kila ninapoifikia naisikiliza tena.